Mwalimu kashika simu, lakini mwajua anafanya nini?

Mhariri,

Salamu kutoka Mwembe Tayari. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nami nichangie haya maneno ya walimu na simu, manake hapa Mombasa sasa ndo stori ya kila baraza, ukipanda matatu ya Kisauni utaisikia, ukisimama foleni ya feri Likoni utaisikia, ati walimu wa siku hizi hawafundishi tena, wanashinda kwenye simu, mtoto anyoosha mkono mpaka unachoka na mwalimu kainamia skrini. Na upande wa pili kuna wale wanaosema shule ya mwanangu haina tableti, haina projekta, shule gani hii, nitamhamisha. Wakati mwingine ni mzazi huyo huyo mmoja asema yote mawili kabla chai haijapoa.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta. Ualimu sijausomea na sitajifanya naujua, lakini walimu ni wateja wangu wakubwa, hasa zile wiki za mwisho wa muhula, na fundi huona mambo ambayo mzazi hayaoni. Si kwamba napekua simu za watu, hasha. Ila mtu akikuletea simu akwambie "fundi imekuwa nzito, inaganda, hata kamera haifunguki", kitu cha kwanza ni kuangalia storeji, na simu ya mwalimu utaijua hata mwenyewe asipojitambulisha. Imejaa watoto wa watu. Mtoto kashika mswaki. Mtoto kashika ufagio. Mtoto na mkebe wa maharagwe yaliyochipuka. Mtoto kasimama kando ya sahani ya chapati ati kazisukuma yeye, na mkono wa mamake waonekana pembeni ya picha ukiwa bado na unga. Video za watoto wanaimba, video za watoto wanaokota taka, halafu picha ya rejista, picha ya ukurasa wa kitabu, faili za PDF zenye majina marefu zilizofunguliwa mara moja zikasahauliwa. Nikimwambia mwalimu tufute hizi atashtuka, la fundi, huo ni ushahidi, wakija kukagua nitawaonyesha nini?

Hapo ndo nataka tukae kidogo. Huyu mwalimu mnayemwona kashika simu darasani, mara nyingi hayuko TikTok (wapo wa hivyo pia, tusidanganyane, na hao waambiwe). Yuko kazini, ila ile kazi haina uhusiano mkubwa na kufundisha. Anapiga picha ionekane kwamba somo lilifanyika. Kuna TPAD, ile tathmini ya utendakazi ya tume ya walimu, yajazwa mtandaoni. Kuna SBA, ile tathmini ya watoto inayofanywa shuleni, mwalimu ashushe kazi kutoka kwa mtandao wa baraza la mitihani, awape watoto, asahihishe, kisha apandishe alama za mtoto mmoja mmoja, na darasa la shule ya serikali hapa mjini laweza kuwa na watoto sitini na zaidi. Kuna kusajili watoto kwenye mfumo wa wizara. Na tarehe ya mwisho ikikaribia nchi nzima inaingia kwa wakati mmoja, mtandao unakwama, kile kiduara kinazunguka tu, basi mwalimu anangoja usiku wa manane watu walale ndo aingie. Asubuhi saa moja na nusu yuko getini, macho mekundu, na sisi twasema ana lake.

Ongeza magurupu ya WhatsApp. Kuna gurupu la walimu wote, gurupu la gredi, gurupu la wazazi, gurupu la kamati, halafu lile gurupu la wazazi lisilo na mwalimu ambalo kila linalosemwa humo linamfikia mwalimu kabla hujaweka simu chini. Saa nne usiku mzazi anatuma sauti ya dakika tatu akiuliza homuweki ilikuwa ukurasa gani, na mtoto kalala zamani.

Bando anaweka nani? Mwalimu, mfukoni mwake. Na hiki ndo kitu kinachoniuma mimi kama mtu wa Mombasa, manake intaneti ya nchi hii yote iliingilia hapa kwetu. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitia nanga Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na nyengine zimekuja baada ya hapo. Zapita chini ya mchanga wetu zikapanda Nairobi zikaenda mpaka Uganda na Rwanda, halafu mwalimu wa shule ambayo ukisimama gorofani unaiona bahari anakuja kwangu kuomba WiFi apandishe alama.

Sasa mtu kama huyo, aliyeshinda na kukesha na skrini kwa mambo ya ofisi, ukimwambia atumie teknolojia kwa kipimo darasani atafanya moja kati ya mawili. Ama ataichukia hataki hata kuiona, ama ataiachia ifanye kazi yeye apumue. Simlaumu kwa yote mawili. Lakini anayeumia ni mtoto.

Niwape mfano wa hilo la pili. Mwanangu yuko shule moja karibu na ule mkono wa bahari wa Tudor. Kutoka geti la shule mpaka kwenye mikoko ni mwendo wa kutembea, huhitaji matatu. Somo lilikuwa la mimea ya pwani na lilifundishwa hivi: mwalimu alikuja na laptopu na projekta ya shule, madirisha yakafungwa na mapazia yakashushwa manake bila giza hakionekani kitu ukutani, na huu ulikuwa mwezi wa tatu, Mombasa, mnajua wenyewe joto la mwezi wa tatu, darasa likawa tanuri. Wakaonyeshwa video ya mikoko, ya Kiingereza, tena ya nchi nyengine kabisa, kipindi kizima. Nusu ya watoto walisinzia. Mwanangu karudi nyumbani namuuliza mmejifunza nini aniambia kuna miti inaota baharini huko Asia.

Huko Asia! Na sisi nyumba tunayokaa boriti za darini ni za mikoko.

Ile video haikuwa mbaya, niliitafuta nikaiangalia. Kuna pahali waonyesha mbegu ya mkoko inachipuka ikiwa bado iko juu ya mti, inarefuka, inaning'inia, kisha inaanguka kwenye tope na kuanza kushika mizizi, kwa kasi ya kamera, jambo la miezi mingi walitia kwa sekunde chache. Hilo hata ukikaa ufuoni kutwa huwezi kuliona. Basi mngeonyesha hapo tu, dakika nne tano, mapazia yafunguliwe upepo uingie, watoto waulizwe mmeona nini, kisha kesho yake au wiki hiyo wapelekwe pale chini maji yakitoka wauone wenyewe. Washike mizizi ya mkoko ilivyojipinda. Waone vijiti vya mchu vilivyotoka kwenye tope vikielekea juu, waambiwe mti wapumulia hapo. Wachume jani la mchu walirambe, lina chumvi, manake ule mti huitoa chumvi kupitia majani, na mtoto akisharamba lile jani somo hilo hatalisahau mpaka anakufa. Waone pia mifuko ya plastiki na maji machafu ya mji yanayoingia pale, wajue ni yetu. Hapo simu ya mwalimu ingekuwa na kazi, apige picha ya jani, warudi darasani walikuze kwenye projekta waangalie kwa karibu. Kifaa kimetumika mwanzo na mwisho, katikati watoto wametumia miguu na ulimi.

Kwa nini hakufanya hivyo? Nilimuuliza kwa upole, manake ni mtu mzuri. Akaniambia kuwatoa watoto nje ya geti ni barua, ni idhini, ni mwalimu wa pili wa kusaidia ambaye hayupo, na ile sehemu ya vifaa kwenye mpango wa kazi ni lazima iandikwe kitu cha dijitali, akikagulia mtu asikikute ataulizwa. Basi nikafungua macho. Ukiangalia ile mipango ya kazi ya CBC, ule mtaala wa umilisi, wanayoniletea kuprinti, kwenye safu ya vifaa neno ni hilo hilo chini mpaka juu, vifaa vya dijitali, vifaa vya dijitali, vifaa vya dijitali, hata somo la kuruka kamba. Na mtaala wenyewe haukusema hivyo. Umahiri wa msingi uko saba, dijitali ni mmoja, kuna mawasiliano, kuna kufikiri kwa kina, kuna ubunifu, uraia, kujifunza kujifunza, kujiamini. Tumeshika mmoja kwa sababu ndo rahisi kuupiga picha.

Upande wa pili wa stori upo pia, na mimi nimeuona, nisije nikaonekana fundi anayechukia mkate wake. Kuna mwalimu mmoja wa gredi za chini, mteja wangu, simu yake ni ya kawaida tu, kioo kina ufa. Anachofanya ni kumrekodi mtoto akisoma aya moja ya Kiswahili, kisha anamsikilizisha. Basi. Mtoto anajisikia mwenyewe alivyokwama, anacheka, anaomba arudie. Mwisho wa wiki anafuta, storeji yake ni safi kuliko ya mwalimu yeyote ninayemjua. Huyo huyo ana mtoto asiyeona vizuri, maandishi ya ubaoni hayapati, basi anapiga picha ubao na kumwachia simu aikuze kwa vidole viwili anakili. Hakuna apu ya kununua, hakuna bando, na kifaa kikimaliza kazi kinarudi mkobani. Nikamuuliza ulifundishwa wapi, akanicheka, ati fundi, mimi nataka mtoto asome tu.

Wala si jambo geni. Wale wa rika langu na wakubwa wetu wanakumbuka vipindi vya shule kwenye redio. Redio inawekwa mezani, mnanyamaza, kipindi kinaisha, mwalimu anazima, kisha anauliza maswali na somo linaendelea kwa mdomo na chaki. Hakuna aliyesema redio itachukua nafasi ya mwalimu na hakuna aliyeiogopa. Na watoto wetu hao hao jioni wakienda chuoni, yaani madrasa, wanakaa mbele ya ustadhi, kitabu mapajani, wanasoma kwa sauti na wanarekebishwa hapo hapo, herufi kwa herufi, na wanahifadhi, wala hakuna mzazi aliyelalamika kwamba chuo hakina projekta.

Tulipokosea kama nchi, kwa maoni yangu, ni kuanza na kifaa. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, ikaja ikawa tableti, zikaanza kusambazwa 2016, zaidi ya milioni 1 kwa shule zaidi ya elfu 20 nchini. Kazi kubwa, siwezi kusema si kubwa. Lakini nyingi zimeishia stoo, zimefungiwa kwa vyuma zisiibiwe, na mimi nawaambia kitu cha kiufundi ambacho sijui kama kuna aliyewaambia walimu wakuu: betri ya aina ile ukiiacha imeisha kabisa, miezi, kwenye stoo ya mabati yenye joto la Mombasa, inakufa. Nyengine zinavimba mpaka zinasukuma kioo kinatoka. Ilipaswa ziwekwe zikiwa na chaji nusu, pahali penye upepo, na zitiwe chaji kila baada ya miezi miwili mitatu. Na hii hewa yetu ya chumvi inakula pini za kuchajia, zapata kutu ya kijani, mtu anadhani tableti imekufa na ni tundu tu la kusafisha. Projekta ndo kabisa. Naletewa projekta "inajizima yenyewe fundi, baada ya dakika kumi", naifungua naikuta chujio la hewa limejaa vumbi la chaki, pyaa, unaweza kulikung'uta likaandika ubaoni upya. Mashine haipumui, inapata moto, inajizima kujiokoa. Kuitengeneza ni brashi ya rangi na dakika tano, lakini shule ilishaiweka kando mwaka mzima ikingoja bajeti.

Nirudi kwa afya za watu. Mtu akitazama skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndo maana macho yanawasha na kukauka, na feni ikikupiga usoni ndo yanazidi. Madaktari wa macho wana kanuni rahisi, kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Sasa kama shule yako dirisha laangalia bahari una dawa ya bure, mwalimu awaambie watoto wote geukeni, hesabuni meli. Na si mapumziko ya macho tu, kukaa nje kwenye mwanga wa mchana kunasaidia kupunguza watoto wanaopata ugonjwa wa kutoona mbali, Taiwan tangu 2010 walianza kuhimiza shule ziwatoe watoto nje saa mbili kwa siku kwa sababu hiyo hiyo. Huku kwetu jua tunalo la kuuza lakini twafunga mapazia.

Masikio nayo. Siku hizi kuna walimu wana zile spika ndogo za bluetooth, wanaziweka mwisho, darasa la mabati, mwangwi, jirani naye kaweka yake. Wenzetu wa afya duniani, WHO, walipotoa viwango vya vifaa vya kusikilizia mwaka 2019 walisema mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, mkubwa 80. Hutakuwa na kipimo lakini masikio unayo, ukiona wahitaji kupiga kelele ili mtu aliye karibu nawe akusikie, punguza.

Na usingizi wa mwalimu nauweka hapa makusudi manake hakuna anayeutaja. Watu wakiongea afya na teknolojia shuleni wanaongea watoto watoto watoto, na mwalimu aliyelala saa saba usiku akipandisha alama ndiye anayeshika chaki kesho. Shingo zinauma, vidole gumba vinauma, mwalimu mmoja aliniuliza kama naweza kumfanyia simu yake iandike yenyewe akiongea, nikamwekea, akashukuru kama nimemlipia kodi.

Kuna la picha za watoto ambalo nitalisema haraka lakini mlishike. Sheria ya kulinda data tuko nayo tangu 2019, na data za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliipiga shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kutoa picha za watoto bila wazazi kuidhinisha. Sasa hebu fikirieni mwalimu anayetembea na mamia ya picha za watoto kwenye simu yake binafsi, simu ambayo yaweza kuporwa pale Buxton jioni, au kuuzwa ikiwa haijafutwa vizuri (naletewa simu za mitumba, najua ninachosema). Hakuomba kuwa na hizo picha. Aliambiwa ushahidi.

Kuna watu watasema mbona Ulaya wanarudi nyuma, Uswidi mwaka 2023 serikali yao ilianza kutia pesa kurudisha vitabu vya karatasi, Ufaransa tangu 2018 ilipiga marufuku simu za wanafunzi shuleni, basi nasi tuachane nazo. Mimi siko huko. Uswidi wanapunguza kwa sababu walijaza, sisi kuna shule hazijawahi kuwasha projekta hata siku moja. UNESCO kwenye ripoti yao ya 2023 walisema kitu nilichokubaliana nacho, kwamba teknolojia isiwe mbadala wa mwalimu aliye mbele ya mtoto, ije pale inapomsaidia mtoto kujifunza. Sasa nani anajua pale ni wapi? Si mkaguzi, si muuzaji wa tableti, wala si mimi fundi. Ni yule mwalimu wa ile mikoko akiachiwa nafasi ya kuamua, leo video dakika tano, leo hapana kabisa, leo tunaenda ufuoni.

Kwa hivyo ombi langu kwa wakubwa wa elimu wa kaunti na wa taifa si vifaa zaidi, vifaa vitakuja. Punguzeni ile kazi ya skrini isiyo ya kufundisha. Ushahidi wa somo uwe daftari la mtoto, mkaguzi alifungue asome, hapo ataona kama mtoto amejifunza au amepigwa picha tu. Alama zikipandishwa basi ziwe na muda wa kutosha na zifanyike shuleni, mchana, kwa kompyuta ya shule na bando la shule, na kama kuna karani basi karani afanye. Kwenye mpango wa kazi mwalimu aruhusiwe kuandika "ubao", "ufuo", "nyanya yake mtoto", bila kuulizwa dijitali iko wapi. Na mkiagiza projekta agizeni na brashi, siyasemi kwa mzaha.

Walimu wakuu nao, simu ya shule inunuliwe, moja tu, ya picha zinazohitajika, ikae ofisini. Mwalimu asitumie yake.

Na sisi wazazi jamani. Tunamtaka mwalimu asishike simu mchana na sisi ndo twampigia mchana. Twamtaka alale vizuri na sisi ndo twamtumia sauti usiku. Yale magurupu yanaweza kufungwa, WhatsApp ina sehemu kwenye mipangilio ya gurupu ambapo admini anachagua wanaoweza kutuma meseji ni maadmini peke yao, saa mbili usiku anafunga, saa kumi na mbili asubuhi anafungua, gurupu lapumzika na hakuna aliyetolewa. Ni kubofya mara mbili tatu. Admini yeyote wa gurupu la shule asiyejua pa kubofya aje Mwembe Tayari nimwonyeshe, hiyo sitamtoza.

Wako msomaji,
Fundi wa simu na kompyuta,
Mwembe Tayari, Mombasa